Kopo la vidonge katika begi la mwanafunzi wa chuo



Mama mmoja, msomaji wa ukurasa huu wa familia, ameniletea swali ambalo nimeona si vyema kulijibu faraghani, kwa kuwa naamini wapo wazazi wengi wenye swali hilo hilo. Binti yake yupo mwaka wa pili katika chuo kikuu jijini Dar es Salaam. Kila mwezi huomba fedha ya kujazia matumizi, na mama hana ugomvi na hilo. Mwezi huu, hata hivyo, ameomba shilingi 120,000 za virutubisho. Alipoulizwa anaumwa nini, alijibu kwamba haumwi kitu, ila chumbani kwao wote wanatumia. Mama anauliza: nitoe au nisitoe? Na kama mtoto haumwi, anameza vidonge kwa ajili gani?

Nitaanza na swali la pili, maana la kwanza halijibiki mpaka hilo lijulikane.

Virutubisho vya nyongeza ni vitamini, madini, protini, mafuta ya samaki au mimea iliyokaushwa, vikatiwa katika kidonge, kapsuli, poda au chupa ili mtu aongezee juu ya kile alichokula. Si dawa, kwa kuwa havikusudiwi kutibu maradhi. Wala si chakula, kwa kuwa hakuna anayeshiba kwa kuvila. Hali hiyo ya kukaa katikati imewafaa sana wauzaji, kwani huvinadi kwa maneno ya dawa huku vikikaguliwa kwa taratibu za chakula. Marekani, ambako biashara hii imeshamiri kuliko pengine, sheria ya mwaka 1994 haimlazimu mtengenezaji kuithibitishia serikali kwamba bidhaa yake inafanya kazi kabla ya kuiingiza sokoni. Hapa Tanzania, tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula umo mikononi mwa Shirika la Viwango, TBS, na dawa zimebaki kwa TMDA.

Desturi hii haikuanza kwa watoto wetu. Mwaka 2015 jarida la Clinical Nutrition lilichapisha utafiti uliohusu wanafunzi 1,248 wa vyuo vikuu 5 vya Marekani. Asilimia 66 kati yao walikuwa wakitumia virutubisho vya nyongeza, na asilimia 12 walitumia 5 au zaidi kwa wiki. Vidonge vya mchanganyiko wa vitamini viliongoza kwa asilimia 42, vikifuatiwa na vitamini C, protini na kalsiamu. Walipoulizwa sababu, asilimia 73 walisema ni kwa ajili ya afya kwa ujumla, asilimia 29 wakataja kupata nguvu, asilimia 20 misuli, na asilimia 19 kuufanya mwili ufanye kazi vizuri zaidi.

Iangalie tena hiyo 73. Hawa ni vijana wa miaka ishirini na kitu, umri ambao mwili wa binadamu upo katika ubora wake, na wengi wao hawajapata kulazwa hospitalini tangu kuzaliwa. Kijana wa namna hiyo akisema anameza kidonge kwa ajili ya afya kwa ujumla, mimi humsikia akisema jambo jingine: anajua kwamba hali vizuri, na kile kidonge ni fidia.

Na kweli hali vizuri. Asubuhi ni chai ya rangi na maandazi mawili, au hakuna kitu kwa sababu kipindi kimeanza saa moja. Mchana ni wali na maharage kwa mama lishe, na mboga za majani zikiwepo ni kijiko kimoja pembeni ya sahani. Usiku ni chipsi. Tunda hulionja akija nyumbani likizo. Fedha ya chakula na malazi kwa mwanafunzi mwenye mkopo wa serikali ilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na humo humo atoe nauli, vocha ya simu na karatasi za kudurufu. Kwa kipimo hicho, kopo analoomba binti yetu ni fedha ya siku 12. Mwanafunzi anayejinyima chakula cha siku 12 ili anunue kitu cha kuziba pengo la chakula amejizungusha mahali pamoja, na hajui kwa sababu hakuna aliyeketi naye kupiga hesabu hiyo.

Kidonge cha vitamini kinaweza nini hasa? Katika miaka ya 1890 daktari wa Kiholanzi aitwaye Christiaan Eijkman alikuwa akichunguza ugonjwa wa beriberi katika mji wa Batavia, kisiwani Java, ambao leo ni Jakarta. Ugonjwa huo ulikuwa ukipoozesha watu miguu na kuwaua kwa moyo. Aliona kuku wake nao wameanza kuyumba na kuanguka. Kisha, pasipo dawa yoyote, wakapona. Alipofuatilia aligundua kwamba kwa muda kuku wale walikuwa wakilishwa wali mweupe uliobaki jikoni mwa hospitali ya jeshi, hadi alipokuja mpishi mpya aliyekataa kuwapa kuku wa kiraia wali wa wanajeshi. Waliporudishiwa mchele usiokobolewa, walisimama. Kilichokuwa kikitupwa pamoja na pumba ndicho kilichowaponya, nacho leo tunakiita vitamini B1. Jina lenyewe la vitamini lilitungwa mwaka 1912 na Casimir Funk, na Eijkman akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1929.

Kuku wale walipona kwa sababu walikuwa wamepungukiwa. Kuku aliyeshiba mchele kamili hakupata mbio za ziada kwa kuongezewa pumba. Hivyo ndivyo vitamini zinavyofanya kazi mpaka leo: humrejesha aliyepungukiwa mahali pake, na aliyetosheka hazimpandishi daraja. Vitamini C ikizidi hutoka kwa mkojo, na ikizidi sana, zaidi ya miligramu 2,000 kwa siku, huleta kuharisha. Mahitaji ya mtu mzima ni chini ya miligramu 100, na pera moja kubwa lina zaidi ya hizo. Vitamini A na D hazitoki kwa urahisi hivyo, bali hulimbikizwa mwilini. A ikizidi hudhuru ini na, kwa mjamzito, huweza kumlemaza mtoto aliye tumboni. Hata B6, ambayo wengi huidhania haina lawama, ikimezwa kwa wingi kwa miezi mingi huharibu neva, mtu akawa na ganzi ya miguu asijue imetoka wapi.

Sababu ya pili ni mitihani. Wiki mbili kabla ya mitihani huuzwa chuoni vidonge vya akili, vya kumbukumbu, vya kukesha. Ukisoma maandishi madogo ya vingi vya kukesha utakuta kafeini, ile ile iliyomo ndani ya kahawa, isipokuwa kidonge kimoja huweza kubeba miligramu 200, yaani sawa na vikombe viwili vya kahawa kwa mmezo mmoja. Wataalamu huweka miligramu 400 kwa siku kuwa kiwango ambacho mtu mzima mwenye afya asikivuke. Kijana akimeza viwili na kushushia kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu chenye miligramu 80, amekwisha kuvuka, na moyo utamwambia kwa kwenda mbio. Nusu ya kafeini hubaki katika damu baada ya saa 5 hivi. Aliyemeza saa kumi alasiri, saa tatu usiku bado ana nusu yake. Anakosa usingizi, na usingizi ndio wakati ubongo unapoyapanga yale aliyoyasoma. Nimekutana na wanafunzi wanaosoma mpaka alfajiri wakalala baada ya swala, kisha wakaamka saa ya mtihani imepita. Hao hawakuhitaji kidonge cha kumbukumbu.

Kwa vijana wa kiume kuna jimu. Sitawalaumu kwa kuupenda mwili wenye nguvu. Ni bora kuliko kijiwe. Poda ya protini wanayoinunua kwa bei ya mbuzi hutokana na maji yanayobaki maziwa yanapogandishwa kutengeneza jibini, na kijiko chake kimoja kikubwa hutoa gramu 20 hadi 25 za protini. Kijana wa kilo 60 asiye mwanamichezo anahitaji gramu 48 kwa siku, na anayebeba vyuma kwa dhati huweza kufikia 90 hadi 120. Yai moja lina gramu 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa takriban 15, glasi ya maziwa 8, na dagaa waliokaushwa zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Mama wa Kigoma hana sababu ya kuagiza kopo kutoka ng'ambo. Kreatini nayo, nikiri haki yake, ni miongoni mwa vichache ambavyo utafiti umevionyesha kufanya kazi: gramu 3 hadi 5 kwa siku humsaidia anayefanya mazoezi mazito ya muda mfupi. Haimsaidii anayetazama mazoezi kwenye simu.

Hatari kubwa kwa vijana wa kiume ipo katika makopo yanayoahidi mabadiliko ya haraka. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani imekuwa ikikamata mara kwa mara bidhaa zinazouzwa kwa jina la virutubisho, za misuli, za kupunguza uzito na za nguvu za kiume, ambazo ndani yake zimefichwa dawa halisi zisizotajwa popote kwenye kopo: homoni za kujenga misuli, sildenafil, na sibutramine, ambayo iliondolewa katika soko la Marekani na Ulaya mwaka 2010 kwa sababu ya madhara ya moyo na mishipa. Kwa hiyo mtu akikwambia "mimi nimetumia na ninaona inafanya kazi," hiyo siyo sifa ya kukutuliza. Yumkini inafanya kazi kwa sababu ya kile kilichofichwa.

Kwa mabinti ni nywele, kucha, ngozi na umbo. Vidonge vya biotini vya kukuzia nywele vimeenea hata kwa wanaovaa hijabu, na hilo halina kosa, kwa kuwa nywele ni zake na za nyumba yake. Ila upungufu wa biotini ni nadra sana kwa mtu anayekula mayai na karanga, na mwaka 2017 mamlaka hiyo hiyo ya Marekani ilionya kwamba biotini nyingi katika damu huvuruga vipimo vya maabara, vikiwemo vya tezi ya shingo na kile kinachoonyesha shambulio la moyo. Daktari huweza kusoma jibu lisilo la kweli na kutibu ugonjwa usiokuwepo, au kuuacha uliopo.

Vidonge vya kunenepesha ndivyo vinavyonitia hofu zaidi. Katika miji yetu na ile ya Kongo, mabinti huuziwa pakiti zisizo na jina ili wajaze mwili. Zilizo nyingi ni dawa za hospitali zilizofunguliwa na kuchanganywa: cyproheptadine, ambayo ni dawa ya mzio inayoleta njaa na usingizi, na dexamethasone, ambayo ni steroidi. Uso hujaa, mashavu yakawa ya duara, na shoga zake wakamsifu. Ndani, sukari na shinikizo la damu hupanda, kinga hushuka, na tezi za mwili husahau kazi yake; akiziacha ghafla huweza kuzimia na hata kufa. Mzazi ukimwona binti amenenepa usoni kwa miezi miwili bila ya kubadili chakula, usimpongeze. Muulize, na ikiwa anatumia, mpeleke kwa daktari akamwachishe hatua kwa hatua.

Ipo na sababu ambayo mtu haiandiki katika dodoso lolote. Ananunua kwa sababu anayemuuzia ni rafiki yake wa chumba kimoja. Biashara ya mtandao imeingia mabwenini: mwanafunzi hulipa kiingilio, hupewa makopo, na huambiwa kwamba faida yake itatoka kwa wale atakaowaingiza chini yake. Kwa kuwa hana mteja mwingine duniani, huanza na wanaolala kitanda cha juu na cha chini. Baada ya Isha chumba hugeuka semina, na shuhuda za walioponywa uvimbe, sukari na ugumba hutiririka. Binti mwenye haya hawezi kumnyima rafiki yake. Naomba wazazi wa hao wauzaji nao wanisikie: mtoto wako anapomwambia mwenzake kwamba kopo hili linatibu kisukari, naye hajui, anabeba dhima ya afya ya mtu kwa kamisheni ya shilingi elfu chache.

Nimesema mengi ya kuzuia, na mama aliyeniandikia huenda amekwisha kuamua kutotoa hata senti. Asifanye haraka. Upo uwezekano kwamba binti yake anahitaji kidonge, ila siyo kile anachouziwa.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015-16 ulionyesha kwamba wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 hapa Tanzania walikuwa na upungufu wa damu. Binti anayechoka akipanda ngazi, anayesinzia darasani, anayeumwa kichwa na kupenda kutafuna barafu au udongo, hana uvivu. Huenda hana damu. Kipimo ni tone moja katika kituo cha afya, na kwa mwanamke asiye mjamzito kikisoma chini ya gramu 12 kwa desilita, damu imepungua. Katika nchi ambazo tatizo limefikia asilimia 40 na zaidi, Shirika la Afya Duniani hushauri wanawake wapewe madini ya chuma miligramu 30 hadi 60 kila siku kwa miezi 3 mfululizo katika mwaka. Vidonge vya chuma na asidi ya foliki vinapatikana katika duka lolote la dawa kwa bei ambayo ukiilinganisha na 120,000 utacheka. Apime kwanza, kwa kuwa damu hupungua pia kwa minyoo, malaria na hedhi nyingi, na mwenye selimundu asimeze chuma bila ya idhini ya daktari wake. Chai iahirishwe saa moja baada ya chakula, kwani huzuia chuma kufyonzwa, na ndimu ikamuliwe juu ya mchicha na maharage, kwani hukisaidia.

Wapo pia mabinti wanaoolewa wakiwa chuoni, na Alhamdulillah kwa hilo. Hao wanahitaji asidi ya foliki mikrogramu 400 kila siku tangu kabla ya kushika mimba, ili kumkinga mtoto na mgongo wazi. Uti wa mgongo wa mtoto hujifunga ndani ya siku 28 za mwanzo, wakati mama mwenyewe bado hajajua kwamba ni mjamzito.

Vitamini D nayo ina habari yake kwa familia za Kiislamu. Mwili huitengeneza kwa jua kupiga ngozi, na bado tafiti za nchi za Ghuba, zenye jua la kutosha kukaanga yai, zimeonyesha upungufu mkubwa, hasa kwa wanawake wanaojisitiri na kushinda ndani. Nyumba zetu za pwani zilikuwa na ua ambapo mwanamke aliota jua bila ya kuonekana na mtu. Bweni la ghorofa nne halina ua. Binti mwenye maumivu ya mifupa na misuli yasiyoeleweka apimwe, na akipewa kidonge afuate kipimo alichoandikiwa, kwani ikizidi hujaza kalsiamu katika damu na kuumiza figo.

Limebaki la uhalali. Kapsuli nyingi laini na ngumu hutengenezwa kwa jelatini, inayotolewa katika ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe, na kopo lililoandikwa jelatini peke yake halisemi ni ya mnyama gani. Wanazuoni wamekhitalifiana kuhusu kitu kilichobadilika umbile kabisa, na nani mimi hata niwaamulie. Muulize sheikh unayemtegemea. Ila zipo kapsuli za mimea, huandikwa kuwa zimetokana na selulosi, na zipo tembe za kawaida zisizo na jelatini kabisa, kwa hiyo mara nyingi mtu hana dharura. Vitamini D3 kwa kawaida hutokana na mafuta ya sufi ya kondoo.

Kwa hiyo mama, kabla ya kutuma fedha, mwombe binti akupigie picha ya kopo pande zote. Tazama kama lina jina la mtengenezaji, orodha ya vilivyomo na kiasi chake, tarehe ya kwisha muda na namba ya usajili. Muulize nani anamuuzia. Muulize amekula nini jana, asubuhi mpaka usiku, na usimkaripie akikujibu ukweli. Mtumie nauli ya kwenda kupima damu, na katika zile 120,000 mnunulie mayai trei moja, karanga na dagaa, umwambie matunda ya msimu ni wajibu wake mwenyewe.

Na kama anatumia dawa yoyote ya hospitali, kopo alipeleke kwa mfamasia kabla ya kulifungua. Vitamini K huidhoofisha warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda. Ciprofloxacin, ambayo wanafunzi wengi huandikiwa kwa maambukizi ya njia ya mkojo, hushikamana na chuma na kalsiamu tumboni ikatoka bila ya kufanya kazi, naye akadhani dawa imeshindwa. Anayezitumia zote mbili aimeze dawa hiyo angalau saa 2 kabla ya kidonge cha madini, au saa 6 baada yake.